Mazigazi ya Saa Nane

Jumamosi moja ya mwezi Oktoba, saa nane na robo mchana, nilikuwa nimesimama katika shamba la zabibu la mjomba wangu, magharibi mwa mji wa Dodoma, nikiisubiri Airbus A220 ya Air Tanzania kutoka Dar es Salaam. Ilipojitokeza juu ya mapaa ya bati nilikuwa tayari: kasi ya shata 1/1000, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde, nukta ya kulengea ya katikati, pumzi nimeibana. Nilipiga picha sita. Nilipofika nyumbani na kuzikuza kwenye kompyuta, twiga wa kwenye mkia alikuwa amepinda shingo mahali ambapo mchoraji hakuipinda, na herufi za ubavuni zilikuwa zinayumba kama maandishi yaliyo chini ya maji.

Picha zote sita.

Kama kosa lingekuwa la mkono wangu, ndege nzima ingevutika upande mmoja. Kama lingekuwa la kulenga, basi ukali ungeonekana mahali pengine, kwenye matawi ya mbele au kwenye kilima cha nyuma. Hapa kila picha ilikuwa imeharibika kwa namna yake, na hakuna mbili zilizofanana. Dalili hiyo ilipaswa kuniamsha siku ile ile. Badala yake nilifungua daftari langu la matumizi na kuandika swali lililonikosesha raha kwa majuma saba: ninunue bodi mpya ya kamera, yaani kamera yenyewe bila lenzi, au lenzi mpya?

Milioni mbili na laki sita

Hizo ndizo fedha nilizokuwa nazo baada ya mgao wa kikoba, na zilitosha kitu kimoja tu. Kamera yangu ni Canon EOS 700D, toleo la mwaka 2013, yenye pikseli milioni 18 na nukta 9 za kulengea. Lenzi yangu ni ile ndogo ya milimita 55 hadi 250 (milimita zikizidi, ndege huvutwa karibu zaidi), nyepesi kiasi kwamba naweza kusahau kuwa nimeibeba. Nilikuwa nikiviona vifaa hivi kuwa vya kujifunzia, na baada ya miaka mitano niliamini nimekwisha kujifunza.

Niliwauliza watu wawili. Wa kwanza, mpiga picha za harusi anayefanya kazi Area C, alijibu kabla sijamaliza swali: bodi. Kwake yeye kamera inayopata uso wa bibi harusi gizani ndiyo inayomlisha. Wa pili ni mfanyakazi mwenzangu anayepiga picha za ndege wenye manyoya kule Manyoni anakotoka, naye alijibu kwa uhakika uleule: lenzi, kwa sababu bodi huchakaa na kupitwa na wakati ilhali kioo kizuri hukaa miaka ishirini.

Wote wawili walikuwa wanasema kweli juu ya kazi zao. Mimi nilikuwa natafuta ukweli juu ya yangu, na sikuwa nimeupima.

Hesabu ya mezani

Kazi yangu ya kila siku ni uhasibu, kwa hiyo nilikimbilia tarakimu. Kihisi cha kamera yangu, kile kipande kinachopokea mwanga, kina upana wa milimita 22.3. Ndege ya pangaboi ya Dash 8 Q400 ina urefu wa mita 32.8, na kwa makadirio yangu hupita mita 600 kutoka ninaposimama shambani. Kwa lenzi ya milimita 250, ndege hiyo hujaza kama asilimia 61 ya upana wa picha, yaani pikseli 3,180 hivi kutoka pua hadi mkia. Zinazobaki ni anga.

Nikaweka bodi mpya kwenye mizani. Canon EOS 90D ina pikseli milioni 32.5, karibu mara mbili ya zangu, na mtu akisikia "mara mbili" moyo humwenda mbio. Lakini pikseli hizo zimetandazwa kwa urefu na kwa upana, hivyo kwenye mstari mmoja ongezeko lake ni mara 1.34 tu. Kwa lenzi ileile ya zamani, Q400 ingekuwa na pikseli kama 4,270.

Kisha nikaiacha bodi ya zamani na kuweka lenzi ya milimita 400. Kutoka 250 hadi 400 ni mara 1.6. Ndege ingejaza takriban picha nzima, na pikseli zingefika 5,080.

Kwa Cessna Caravan tofauti ni kubwa zaidi machoni, kwa sababu urefu wake haufiki mita 13. Kwa milimita 250 ingenilazimu kuwa mita 142 kutoka kwake ili ijaze picha. Kwa 400 ningeweza kusimama mita 228. Mita hizo 86 zaweza kuwa tofauti kati ya kusimama kwenye shamba la ndugu na kusimama mahali ambapo mlinzi atakuja kukuuliza, kwa haki kabisa, unafanya nini hapo. Niseme na hili mara moja: kabla ya picha ya kwanza nilijitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa, na napiga ndege zikiwa angani tu, si majengo wala watu walio uwanjani.

Lenzi ilikuwa imeshinda kwa hesabu. Nilikwenda kulala nikiwa nimeamua.

Upande wa bodi haukuwa mnyonge

Asubuhi uamuzi ulikuwa umekwisha kulegea. Nilikumbuka ATR moja ya Precision Air iliyopita katikati ya mwezi Agosti, siku ya upepo mkali, ikiwa imeinamisha bawa moja na kulirekebisha mara mbili au tatu kabla ya kunyooka. Nilibonyeza kitufe bila kuachia. Kamera yangu hupiga picha tano kwa sekunde, na faili za RAW, zile ghafi zilizo kubwa, zikifika kama sita hujaa tumboni mwake na kuanza kuhamia kwenye kadi kwa mwendo wa kobe. Bawa lilipoinuka kwa uzuri wote, mimi nilikuwa naitazama taa nyekundu ya kadi.

Milimita 400 zisingenisaidia pale.

Vilevile nukta zangu 9 zimekaa katikati ya kioo. Nikitaka ndege iwe pembeni ya picha na anga liwe mbele yake, hakuna nukta ya kuishika huko. EOS 90D ina nukta 45 na hupiga picha kumi kwa sekunde. Kamera mpya zaidi zisizo na kioo cha ndani zimefundishwa hata kuitambua ndege na kuifuata zenyewe, jambo ambalo Nikon Z9 ilikuja nalo mwaka 2021, ingawa hizo bei zake ni za kusoma tu na kufunga ukurasa.

Kwa hiyo hesabu yangu ya pikseli ilikuwa sahihi, na haikuwa imejibu swali. Ilipima ukubwa wa ndege ndani ya picha. Haikupima picha ambazo sikuzipata kabisa, na haikusema neno lolote kuhusu twiga aliyepinda shingo.

Mjomba aliyepima viwanja

Juma la nne nilikwenda tena shambani, safari hii bila kamera, kumsaidia mjomba kukagua nguzo za mizabibu. Mjomba ni mpima ardhi mstaafu. Alipima viwanja vya Dodoma enzi za CDA, mamlaka iliyokuwa ikiustawisha mji huu, na hadi leo akipita barabarani huweza kukuonyesha mahali ilipochimbiwa bikoni, ile alama ya mpaka wa kiwanja. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nilimwonyesha picha kwenye simu, hasa kwa sababu nilitaka anihurumie.

Aliisogeza simu mbali na uso, akaikaribisha, akaisogeza tena.

"Hii ulipiga saa ngapi, mpwa wangu?"

"Saa nane mchana, mjomba."

"Basi unalaumu kamera bure. Hayo ni mazigazi. Sisi teodolaiti, ile darubini yetu ya kupimia, tulikuwa tunaifunga saa nne asubuhi. Ukisoma fimbo ya vipimo baada ya hapo, namba zinacheza ngoma, na bosi wako hataki kusikia kwamba namba zilikuwa zinacheza."

Mazigazi nilikuwa nikiyajua kama kila mtu anavyoyajua: lile dimbwi la maji linaloonekana mbele kwenye lami na kukimbia kadiri unavyolisogelea. Sikuwahi kufikiri kwamba kitu hichohicho kinaweza kusimama kati yangu na ndege. Mjomba alinieleza kama alivyokuwa akiwaeleza vijana waliomshikia fimbo. Jua hupasha ardhi, ardhi hupasha hewa iliyo juu yake, na hewa yenye joto hupanda kwa mafungu huku ya baridi ikishuka kuchukua nafasi. Kila fungu hupindisha mwanga kwa kiasi chake. Mwanga unaotoka kwenye mkia wa ndege hupita katika mamia ya mafungu hayo kabla ya kukufikia, nayo hayatulii hata kwa sehemu ya sekunde. Ndiyo maana wapima hawakubali mstari wa kuona upite chini ya nusu mita kutoka ardhini, na ndiyo maana hupenda umbali mfupi.

Kisha akageuka, akanyoosha kidole kuelekea nilikokuwa nimesimama siku ile.

"Na mbele yako pale kuna nini?"

Kulikuwa na mapaa ya bati ya majirani, na nyuma yake tanuri la matofali lililokuwa linafuka.

Nilicheka, lakini kwa aibu. Nilikuwa nimetumia mwezi mzima kulinganisha vioo vya Japani wakati nilipiga picha juu ya jiko.

Siku tatu za lenzi ya kuazima

Sikutaka kuamini kwa heshima tu. Nilimwomba yule mpiga picha wa Area C anikodishie kwa siku tatu lenzi yake ya Canon EF 100-400, toleo la pili, ambayo huitumia mara chache kwa mikutano ya hadhara. Ina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Ile yangu ndogo ina gramu 375. Kwa siku mbili za mwanzo shingo yangu ilikuwa upande wa mjomba: ilipinga ununuzi wowote.

Ijumaa mchana, saa nane, mahali palepale, nilipiga ndege kwa milimita 400. Picha zilikuwa mbaya kuliko za milimita 250. Twiga alikuwa mkubwa zaidi, na mtetemo wake ulikuwa umekuzwa pamoja naye. Nilizitazama kwa muda mrefu kuliko picha yoyote nzuri niliyowahi kupiga, kwa sababu kama ningekuwa nimenunua lenzi hii Oktoba, hivi ndivyo milioni mbili na laki sita zangu zingekuwa zimeniambia, nami ningehitimisha kwamba tatizo ni bodi.

Jumamosi nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hewa ilikuwa bado imelala, tanuri limezimwa, na nilikuwa nimehama hatua mia mbili hivi hadi kwenye kichuguu kikubwa ambako mapaa ya bati hayakuwa tena kwenye mstari wangu. Kwanza nilifunga lenzi yangu ya zamani, makusudi. Ndege ya kwanza ilipopita nilipata ukali ambao miaka mitano sikuwahi kuupata: niliweza kuhesabu madirisha, na kusoma namba ya usajili inayoanza na 5H bila kukisia. Kifaa kilikuwa kilekile cha Oktoba.

Kisha nilifunga ile ya 400, nikasubiri ndege ya pili. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho hesabu ya mezani ilikuwa imekiahidi. Mistari ya riveti karibu na mlango, michirizi ya mafuta nyuma ya injini, kivuli cha antena juu ya mgongo.

Hewa ikitulia, lenzi huleta kitu. Hewa ikichafuka, huleta uchafu mwingi zaidi.

Pangaboi

Jumapili niliitenga kwa ajili ya mapangaboi peke yake, kwa sababu ndege za Dodoma kwa sehemu kubwa ni za pangaboi, na hapa ushauri wa watu wa ndege za jeti haufai. Ukipiga Q400 kwa kasi ya 1/1000, pangaboi huganda, na ndege nzima huonekana kama mwanasesere aliyening'inizwa kwa uzi. Wakati wa kuruka mapangaboi ya Q400 huzunguka mara 1,020 kwa dakika, yaani mara 17 kwa sekunde. Kwa 1/1000 kila bapa husogea nyuzi 6 tu. Kwa kuwa lina mabapa sita, yaliyoachana kwa nyuzi 60, unahitaji kama 1/100 ili kila bapa lifike alipokuwa mwenzake na duara lijae.

Lakini kwa 1/100, ukiwa na milimita 400 mkononi, ndege ikienda kasi, mtikisiko wa mwili wako unakuwa sehemu ya picha. Lazima uizungushe kamera pamoja na ndege kwa mwendo uleule, kiuno kikigeuka na miguu ikiwa imetulia. Lenzi ya kuazima ilikuwa na swichi ya kidhibiti mtikisiko yenye hali ya pili, ambayo huacha mwendo wa kuifuata ndege na kutuliza ule wa juu na chini peke yake. Katika picha arobaini kwa 1/125 nilibaki na saba zinazofaa. Kwa lenzi yangu ndogo, isiyo na swichi hiyo, nilikuwa nimezoea kubaki na mbili.

Saba kwa arobaini si sifa ya kutangaza. Hata hivyo hilo ndilo lililokuwa la kwanza, katika majuma yote yale, kunionyesha tofauti ambayo fedha ingeweza kuinunua na saa ya kuamka isingeweza.

Upande wa jua

Nikiwa katika hali hiyo ya kutoamini chochote nilichokizoea, niligundua pia kwamba kwa miaka mitano nimekuwa nikisimama upande mmoja wa njia. Njia ya kurukia ya Dodoma inakwenda mashariki na magharibi, na mji uko nyuzi 6 na kidogo kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo shamba la mjomba, lililo kaskazini mwa njia, huangazwa vizuri: jua mgongoni, ndege mbele. Mwezi Desemba jua huhamia kusini, na kutoka shambani ubavu wa ndege unaouona ndio ulio kivulini. Picha zangu zote za Desemba zina tumbo jeusi. Nilidhani ni kihisi cha zamani.

Tangu wakati huo nimepata mahali pa pili upande wa kusini, kwa mama mmoja anayefuga kuku, ambaye sharti lake pekee ni kwamba nisiwashtue wakati wa kutaga.

Kariakoo

Mwanzoni mwa Desemba nilipanda treni ya SGR kwenda Dar es Salaam, nikiwa na fedha na tochi. Tochi ni kwa ajili ya ukungu. Lenzi zilizotumika ambazo zimeishi pwani hushikwa na ukungu ndani ya vioo, nyuzi nyembamba kama za buibui ambazo huzioni mpaka umulike kwa ubavu. Muuzaji wa kwanza alinipa toleo la zamani la 100-400, lile la mwaka 1998 ambalo hukuzwa kwa kuvuta na kusukuma, akaniapia kwamba ni sawa na la pili. Nilimulika. Nyuzi zilikuwepo. Nilimshukuru, nikaondoka, naye aliniita mara tatu kwa bei tatu tofauti.

Kwa muuzaji wa pili nilikaa saa nzima. Alikuwa na EOS 90D kwenye kabati na lenzi ya toleo la pili kando yake, na bei zake hazikupishana sana. Ningependa kusema kwamba niliamua kwa hesabu. Ukweli ni kwamba niliishika bodi ile, nikabonyeza kitufe na kuachia kumi kwa sekunde, na sauti yake ilinitikisa hasa. Nilikumbuka ATR ya Agosti. Niliirudisha kabatini, nikaiomba tena.

Lililoniamua ni Msalato. Uwanja mpya, wenye njia ya kurukia ya kilomita 3.6, uko nje ya mji upande wa kaskazini, njia ya kwenda Arusha, na safari zikihamia huko shamba la mjomba halitakuwa tena chini ya njia ya ndege yoyote. Sitakuwa na ndugu wa kunipa kichuguu. Nitasimama mbali zaidi, pengine mara mbili ya sasa, na hapo milimita 250 zitanipa nukta angani. Najua pia kwamba umbali mkubwa ni hewa nyingi, na mjomba alinikumbusha hilo kwa simu nilipomweleza, akiongeza kwamba kule ni wazi na joto lake halina kivuli. Nilimjibu kwamba nitakuwa nimekwisha kufunga kamera ifikapo saa tatu.

Jambo lingine lilikuwa dogo, la kihasibu: lenzi hii ya EF itafungwa kwenye kamera za kizazi kipya kwa adapta isiyo na kioo chochote ndani yake, ilhali bodi ya 90D ingebaki na kazi yake ileile mpaka mwisho. Nikanunua lenzi. Zilibaki elfu arobaini na nauli.

Jumamosi iliyopita

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, vumbi limelala, na saa moja kasoro asubuhi hewa juu ya mabanda ya kuku ilikuwa safi kama kioo kilichofutwa. A220 ilikuja kutoka magharibi, jua likiwa limempiga twiga shingo nzima. Niliweka 1/1000, kwa kuwa haina pangaboi. Picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Namba ya usajili naisoma kwenye kitazamio bila kukaza macho. Kisha rubani aliinamisha bawa kidogo, upande wangu, na mwanga ukatiririka juu yake kutoka kwenye injini mpaka ncha.

Nilikuwa nimefika picha ya sita. Taa nyekundu iliwaka. Nilishusha kamera na kuitazama ndege kwa macho mpaka iliposhuka nyuma ya miti, huku kuku mmoja akinipigia kelele miguuni.